Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Askari Wagonjwa na Majeruhi wa Shirikisho la Kusini Katika Vita vya Marekani vya 1861–1865

Majibu haya yanahusu askari wa majimbo ya Kusini mwa Marekani waliougua au kujeruhiwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, pamoja na hospitali zilizowapokea. Simulizi nyingi za hospitali hizo huwataja madaktari na majemadari, kisha hunyamaza kuhusu watu Weusi waliofanywa watumwa, ambao ndio waliopika, waliofua, walioteka maji na waliowageuza wagonjwa vitandani. Humu wanatajwa kila inapowahusu, kwa sababu bila wao hospitali hizo zisingeweza kuendeshwa.

Shirikisho la Kusini lilikuwa nini?

Lilikuwa dola iliyoundwa na majimbo 11 yaliyojitenga na Marekani baada ya Abraham Lincoln kuchaguliwa kuwa rais mnamo Novemba 1860. South Carolina ilitangulia Desemba mwaka huo, na nyingine zikafuata. Rais wa Shirikisho alikuwa Jefferson Davis, na makao makuu yake, baada ya muda mfupi mjini Montgomery, yalihamishiwa Richmond katika jimbo la Virginia. Katiba yake ililinda utumwa kwa maneno ya wazi, na ulinzi huo ndio uliokuwa kiini cha kujitenga. Vita kati yake na majimbo yaliyobaki Marekani, yanayoitwa humu Kaskazini, vilianza Aprili 1861 na vikamalizika kwa kushindwa kwa Kusini katika majira ya kuchipua ya mwaka 1865.

Askari wengi walikufa kwa risasi au kwa maradhi?

Kwa maradhi, tena kwa tofauti kubwa. Makadirio yaliyozoeleka huhesabu askari wa Kusini waliokufa kuwa takriban 258,000, na kati yao wapatao 94,000 ndio waliouawa vitani au kufa kwa majeraha, ilhali waliosalia, takriban 164,000, walikufa kwa magonjwa. Hesabu hizi ni makadirio, kwa sababu zitakazoelezwa mbele, lakini uwiano wake unakubalika kwa mapana.

Chanzo kilikuwa kambi yenyewe. Vijana wengi wa Kusini walitoka mashambani, mbali na miji, na hawakuwa wamewahi kupata surua utotoni, kwa hiyo walipokusanywa kwa maelfu mahali pamoja katika miezi ya kwanza ya vita, surua iliwaangusha rejimenti kwa rejimenti hata kabla hawajamwona adui. Aliyepona surua alibaki dhaifu, na udhaifu huo ulifungua njia kwa nimonia. Kisha yakaja magonjwa ya maji machafu: kuhara, kuhara damu na homa ya matumbo. Vyoo vilichimbwa karibu na visima au mito, amri za usafi zilipuuzwa, na hakuna aliyejua kwamba kuna vijidudu vinavyosafiri kutoka kwenye kinyesi hadi kwenye kikombe. Katika maeneo ya pwani na mabonde ya mito malaria ilikuwa ya kawaida, na kadiri chakula kilivyopungua ndivyo kiseyeye kilivyoongezeka.

Majeruhi alifikaje hospitalini?

Mwendo wake ulikuwa wa hatua kadhaa, na kila hatua iliua baadhi yao. Uwanjani walikuwapo wabeba machela, ambao waliwapeleka majeruhi hadi mahali pa nyuma kidogo palipokuwa na daktari msaidizi wa rejimenti, aliyezuia damu kutoka, kufunga jeraha na kutoa kasumba au pombe kali. Kutoka hapo mtu alipelekwa hospitali ya uwanjani, ambayo mara nyingi ilikuwa ghala la nafaka, kanisa au nyumba ya mkulima iliyotwaliwa asubuhi hiyohiyo. Huko ndiko upasuaji mwingi ulikofanyika. Waliobaki hai walisafirishwa kwa magari ya farasi hadi kituo cha reli, na kwa mabehewa ya mizigo hadi hospitali kuu za mijini. Kando ya njia za reli zilikuwapo hospitali ndogo za njiani, nyingi zikiwa zimeanzishwa na wanawake wa miji husika, ambako askari aliyekuwa akirudi kwao alipata chakula, malazi na kubadilishiwa bendeji.

Safari yenyewe ilikuwa mateso. Baada ya kushindwa Gettysburg mnamo Julai 3, 1863, jeshi la Jenerali Robert E. Lee lilirudi Virginia likiwa na msafara wa majeruhi wenye urefu wa takriban kilomita 27, chini ya ulinzi wa Jenerali John Imboden. Magari yake hayakuwa na springi, barabara zilikuwa za mawe, na mvua kubwa ilinyesha tangu siku ya kwanza. Imboden aliandika baadaye kwamba wengi walikuwa hawajala kwa saa 36, na kwamba vilio kutoka ndani ya magari vilimfundisha juu ya vita kuliko alivyokuwa amejifunza katika miaka yote iliyotangulia. Hao ndio walioonekana kuwa na nafuu ya kuweza kusafiri. Wengine wapatao 6,800 waliachwa nyuma mikononi mwa adui.

Hospitali kubwa kuliko zote ilikuwa ipi?

Inayojulikana zaidi ni Chimborazo, iliyojengwa juu ya kilima upande wa mashariki wa Richmond, mahali panapoutazama mto James. Jina hilo lilitokana na mlima wa volkano wa Ecuador. Ilifunguliwa Oktoba 1861, na kabla ya vita kwisha ilikuwa imepokea zaidi ya wagonjwa 75,000. Daktari mkuu wake alikuwa James B. McCaw, mwalimu wa chuo cha udaktari cha mjini humo, ambaye aliiongoza tangu mwanzo hadi mwisho.

Majengo yake yalianza kama mabanda ya kulaza askari wakati wa baridi, na watumwa ndio waliokuwa wameyajenga. Yalikuwa ya mbao, marefu na membamba, ya ghorofa moja, yaliyopangwa kwa mistari yenye njia pana katikati yake, madirisha yakielekeana ili upepo upite. Mpangilio huu haukuwa wa bahati. Baada ya vita vya Krimea vya miaka ya 1850, madaktari wa Ulaya na Marekani waliamini kwamba hewa nzito ya ndani ndiyo iliyokuwa ikieneza maradhi, na kwa hiyo wodi ilipaswa kusimama peke yake na kupata hewa pande zote. Nadharia ilikuwa na kasoro, lakini matokeo yake yalikuwa mema: wagonjwa hawakurundikwa pamoja, na ugonjwa wa wodi moja haukuvuka kwa urahisi kwenda nyingine. Kila wodi ilichukua wagonjwa wapatao 40, na kituo kizima kiligawanywa katika hospitali tano, kila moja ikiwa na daktari wake na wagonjwa wakipangwa kwa majimbo walikotoka.

McCaw alikuwa msimamizi hodari wa mali. Badala ya kungojea chakula kutoka kwa jeshi alidai fedha taslimu za posho ya kila mgonjwa, akanunua vyakula mwenyewe, akafuga ng'ombe wa maziwa na mbuzi, akajenga tanuri za mikate, ghala la barafu na kiwanda cha bia, na akaendesha mashua iliyopanda mfereji hadi Lynchburg na Lexington kubadilishana nyuzi za pamba na viatu kwa vyakula vya wakulima. Katika mji ambao mnamo Aprili 2, 1863 wanawake waliandamana na kuvunja maduka kwa sababu ya bei ya mkate, huo ulikuwa uangalizi wa maana sana.

Kuhusu vifo, makadirio ya kawaida kwa Chimborazo ni kati ya 6,500 na 8,000, yaani karibu mgonjwa mmoja kwa kila kumi. Kwa zama hizo, na kwa hali waliyofika nayo wagonjwa, hiyo ilikuwa rekodi nzuri.

Richmond ilikuwa na hospitali nyingine kubwa pia, ikiwemo Winder upande wa magharibi wa mji. Mwaka 1862, baada ya mapigano ya Siku Saba ya mwishoni mwa Juni, ambamo Kusini ilipata majeruhi zaidi ya 15,000, hata maghala ya tumbaku, makanisa na nyumba za watu binafsi ziligeuzwa kuwa hospitali.

Nani hasa waliowahudumia wagonjwa?

Hili ndilo swali ambalo majibu ya zamani yalilipitia haraka mno, nasi tutakaa nalo kidogo.

Hospitali ya jeshi ilikuwa na daktari mkuu, madaktari wasaidizi, mtunza dawa, karani na bohari. Chini ya hao ndipo penye kazi isiyokwisha: kusafisha sakafu, kumwaga ndoo za uchafu, kufua mashuka yaliyojaa damu na usaha, kukata kuni, kuchota maji, kupika kwa mamia ya watu, kulisha wasioweza kujilisha, kukesha na wenye homa na kuchimba makaburi. Mwanzoni kazi hii ilipewa askari waliokuwa wanapata nafuu, lakini hao hawakuwa na nguvu, hawakuwa na mafunzo, na mara walipopona waliitwa tena vitani. Hivyo mzigo uliwaangukia watu Weusi, wengi wao wakiwa watumwa, wanaume kwa wanawake. Serikali iliwakodisha kutoka kwa mabwana zao, na ujira ulilipwa kwa bwana, si kwa mfanyakazi. Chimborazo peke yake ilikuwa nao kwa mamia.

McCaw mwenyewe alikiri katika barua zake rasmi kwamba hospitali isingeweza kuendelea bila wafanyakazi hao. Aliandika hivyo kwa sababu wenye watumwa walikuwa wakiwaondoa kila jeshi la Kaskazini lilipokaribia Richmond, wakihofia kwamba mali yao, kama walivyowaita binadamu hao, ingetoroka. Hofu hiyo ilikuwa na msingi, kwani wengi walitoroka kweli. Mnamo Februari 1864 Bunge la Shirikisho lilipitisha sheria iliyowalazimisha hata wanaume Weusi waliokuwa huru, wenye umri wa miaka 18 hadi 50, kufanya kazi katika ngome, viwanda vya silaha na hospitali za jeshi kwa dola 11 kwa mwezi, na ikaruhusu pia kuchukuliwa kwa watumwa hadi 20,000.

Kwa hiyo askari aliyekuwa amejeruhiwa akipigania dola iliyotaka utumwa uendelee, alioshwa jeraha lake na mtumwa. Wafanyakazi hao waliambukizwa homa na ndui kama wagonjwa wenyewe, nao hawakuachiwa nafasi ya kuandika kumbukumbu zao. Tunachojua juu yao kinatoka kwenye orodha za malipo, ambamo jina la mtumwa, mara nyingi jina moja tu, linaandikwa kando ya jina la aliyepokea fedha.

Na wanawake wa Kizungu?

Mwanzoni madaktari wengi hawakuwataka. Walisema hospitali ya jeshi si mahali pa mwanamke mwenye heshima. Hali ilibadilika Septemba 1862, Bunge liliporuhusu kila hospitali kuajiri metroni, yaani wanawake wasimamizi wa huduma za wagonjwa: wawili wakuu kwa dola 40 kwa mwezi, wasaidizi wawili kwa dola 35, na metroni wawili wa kila wodi kwa dola 30. Watawa wa Kikatoliki, hasa wa shirika la Mabinti wa Upendo, walikuwa tayari kazini na waliheshimiwa kwa kuwa walikuwa na uzoefu wa kuuguza ambao wengine hawakuwa nao.

Phoebe Yates Pember, mjane kutoka familia ya Kiyahudi ya Charleston, alianza kazi katika hospitali ya pili ya Chimborazo mnamo Desemba 1862. Sehemu kubwa ya vita vyake ilihusu pipa la wiski. Wiski ilihesabiwa kuwa dawa, sheria ilimpa metroni ufunguo wake, na baadhi ya madaktari na wahudumu walikuwa wakiinywa wao. Pember hakuachia. Kumbukumbu zake, alizozichapisha mwaka 1879, zina tukio moja ambalo ni gumu kulisoma bila kusita. Kijana mmoja aliyekuwa amelala miezi mingi na jeraha la nyonga alikuwa ameanza kutembea, ndipo usiku kipande cha mfupa kilipokata mshipa wake wa damu. Pember aliziba tundu kwa kidole, daktari akaitwa, akaeleza kwamba mshipa ulikuwa ndani mno na hauwezi kufungwa. Kijana akauliza ataishi muda gani. Akajibiwa kwamba ataishi muda ambao kidole kitabaki pale. Alitoa maagizo kwa ajili ya mama yake, akanyamaza, kisha akamwambia Pember kwamba anaweza kuachia. Pember anasema hakuweza, na kwamba kwa mara ya kwanza katika vita vyote alipoteza fahamu.

Sally Louisa Tompkins aliendesha hospitali ndogo katika nyumba ya jaji mmoja mjini Richmond. Serikali ilipoamuru hospitali za watu binafsi zifungwe, Davis alimpa cheo cha kapteni wa wapandafarasi mnamo Septemba 9, 1861 ili hospitali yake ihesabiwe kuwa ya jeshi. Alikikubali cheo na kukataa mshahara. Kati ya wagonjwa zaidi ya 1,300 waliopita mikononi mwake, 73 tu ndio waliokufa. Alisisitiza usafi kwa ukali, jambo lililosaidia, ingawa haki inadai kusema pia kwamba hospitali ndogo yenye chakula kizuri ilikuwa na nafasi kubwa ya kufaulu kuliko kituo kilichopokea mamia kwa usiku mmoja.

Ni kweli kwamba viungo vilikatwa bila dawa ya usingizi?

Kwa kawaida, sivyo. Klorofomu ilitumiwa na pande zote mbili, nayo Kusini iliipata kwa sehemu kubwa kwa magendo na kwa kuteka shehena za adui. Daktari Julian John Chisolm wa South Carolina alibuni kifaa kidogo chenye mirija miwili ya kuingiza puani, ambacho kiliokoa dawa iliyokuwa ikipotea hewani ilipomiminwa juu ya kitambaa. Wapo waliokatwa bila dawa, hasa pale ilipoisha katikati ya mapigano, lakini picha ya mtu anayeng'ata risasi ni ya hadithi kuliko ya wodi. Zaidi ya hayo, klorofomu haimlazi mtu mara moja, bali hupitia hatua ya kupiga kelele na kujitupatupa, na mpita njia aliyesikia makelele hayo angeamini kwamba mgonjwa anahisi kila kitu.

Mbona madaktari walikata viungo kwa wingi hivyo?

Kwa sababu ya risasi. Bunduki za wakati huo zilirusha risasi nzito ya madini laini iliyotanuka ilipogonga, ikavunja mfupa vipandevipande na kuingiza ndani ya nyama vipande vya sare iliyochafuka. Mfupa uliosagika namna hiyo usingeunganishwa na daktari yeyote wa zama zile, na jeraha lililoachwa hivyohivyo lingeoza. Madaktari waligundua mapema kwamba aliyekatwa ndani ya saa 24 au 48 alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuishi kuliko aliyekatwa baada ya usaha kuanza. Mahali pa kukata palikuwa na uzito pia: mkono chini ya kiwiko ulikuwa na matumaini, paja karibu na nyonga lilikuwa karibu sawa na hukumu ya kifo.

Nionavyo, kuwaita madaktari hawa wachinjaji ni kuwaonea. Kosa lao lilikuwa kutojua, na hawakuwa peke yao duniani. Joseph Lister alichapisha matokeo yake juu ya kuua vijidudu katika upasuaji mwaka 1867, miaka miwili baada ya vita. Kabla ya hapo msumeno ulifutwa kwa aproni na kutumiwa kwa mtu anayefuata, kidole kisichooshwa kilipapasa ndani ya jeraha kutafuta risasi, na sifongo moja ilisafisha wagonjwa kumi. Mgonjwa akanusurika upasuaji, akafa kwa sumu ya damu, pepopunda au donda ndugu la hospitalini.

Hata waliopata huduma bora hawakuwa salama. Jenerali Thomas Jackson, aliyejulikana kama Stonewall, alipigwa risasi kimakosa na askari wake usiku wa Mei 2, 1863 huko Chancellorsville. Daktari Hunter McGuire alimkata mkono wa kushoto chini ya klorofomu, na jeraha likaonekana kupona vizuri. Alikufa siku nane baadaye, na ugonjwa uliotajwa ni nimonia.

Dawa zilipoadimika walifanya nini?

Manowari za Kaskazini ziliziba bandari za Kusini tangu mwaka 1861, na serikali ya Lincoln ilihesabu dawa kuwa bidhaa za vita. Upungufu uliouma zaidi ulikuwa wa kwinini, kwa maana Kusini ilikuwa nchi ya malaria. Mganga mkuu wa jeshi, Samuel Preston Moore, aliagiza madaktari watafute mbadala misituni, na Francis Peyre Porcher, daktari na mtaalamu wa mimea, akaandaa kitabu kikubwa cha mimea ya Kusini kilichochapishwa mwaka 1863. Magome ya aina kadhaa za miti yalichemshwa badala ya kwinini. Yalishusha homa kidogo, malaria hayakuiponya. Mafuta ya tapentaini yalijaribiwa hata kwa kupakwa mwilini.

Shida nyingine zilileta faida isiyotarajiwa. Hariri ya kushonea majeraha ilipokosekana, madaktari walitumia singa za farasi, na ili zilainike walizichemsha, wakaziua vijidudu bila kujua. Pamba mbichi iliyookwa ndani ya tanuri ilichukua nafasi ya sifongo na kutupwa baada ya kutumika mara moja. Daktari J. F. Zacharias, aliyekuwa Danville katika Virginia, aliacha mabuu ya nzi yale nyama iliyooza ndani ya majeraha ya donda ndugu, na baadaye akaeleza kwamba yalisafisha kwa siku moja kuliko dawa yoyote aliyokuwa nayo.

Ndui ilidhibitiwaje?

Kwa chanjo, lakini chanjo yenyewe ilileta balaa. Ute wa vidonda vya ndui ya ng'ombe uliotakiwa kwa kuchanja ulikuwa adimu, na askari waliotishwa na mlipuko wa mwaka 1862 na 1863 walijichanja wao kwa wao kwa kutumia magaga ya vidonda vya wenzao. Wengi wakapata vidonda vikubwa, wengine wakaambukizwa kaswende. Daktari Joseph Jones alichunguza jambo hili na kuchapisha matokeo baada ya vita. Ili kupata ute safi, madaktari waliwachanja watoto wachanga wenye afya na kuvuna ute kutoka mikononi mwao, na miongoni mwa watoto hao walikuwamo wachanga wa watumwa, ambao mama zao hawakuwa na haki ya kukataa.

Hospitali za magharibi ziliwezaje kulikimbia jeshi la adui?

Jeshi la Tennessee, jeshi kuu la Kusini upande wa magharibi, halikuwa na Richmond ya kujificha nyuma yake. Samuel H. Stout, msimamizi wa hospitali zake, aliunda makumi ya vituo ambavyo vingeweza kufungwa, kupakiwa kwenye treni pamoja na vitanda, majiko na wagonjwa, kisha kufunguliwa katika mji mwingine. Chattanooga ilipokuwa hatarini mwaka 1863, hospitali zilihamia miji ya Georgia iliyo kando ya reli, kama Newnan na Marietta, na mwaka uliofuata, Atlanta ilipotishwa, zikahama tena. Kate Cumming, mzaliwa wa Edinburgh aliyelelewa Mobile, alifuatana nazo. Alikuwa ameanza kuuguza huko Corinth, Mississippi, mnamo Aprili 1862 baada ya mapigano ya Shiloh, ambako majeruhi walilazwa sakafuni kwa ukaribu kiasi kwamba muuguzi alipiga magoti katika damu ili kumhudumia mtu.

Walioangukia mikononi mwa Kaskazini walitendewaje?

Majeruhi waliookotwa uwanjani kwa kawaida walitibiwa na madaktari wa Kaskazini pamoja na madaktari wa Kusini waliobaki nao kwa hiari. Mnamo Mei 1862 huko Winchester, McGuire aliwaachilia madaktari wa Kaskazini aliokuwa amewateka, kwa makubaliano kwamba wajitahidi madaktari wasihesabiwe tena kuwa mateka wa vita, na kwa sehemu kubwa ya vita pande zote zilifuata desturi hiyo.

Kambi za wafungwa zilikuwa habari nyingine. Elmira, katika jimbo la New York, ilipokea wafungwa wapatao 12,000 kati ya Julai 1864 na Julai 1865, na karibu 3,000 walikufa kwa ndui, kuhara, nimonia na baridi. Kusini nayo iliwafungia watu Andersonville, Georgia, ambako karibu 13,000 kati ya wafungwa 45,000 wa Kaskazini walikufa.

Waliokufa Elmira walizikwa na John W. Jones, mtu Mweusi aliyekuwa ametoroka utumwani Virginia mwaka 1844 na ambaye kwa miaka mingi aliwaficha na kuwasafirisha watoro wenzake. Alizika maiti 2,973 za askari wa Kusini, akaandika jina, rejimenti na tarehe ya kifo cha kila aliyejulikana, na kuzilaza kwa safu zilizonyooka. Kazi yake ilikuwa sahihi kiasi kwamba wasiojulikana majina ni wachache mno, na mwaka 1877 eneo hilo likafanywa makaburi ya taifa.

Waliopoteza viungo waliishije baadaye?

James Edward Hanger, kijana wa Virginia, alipoteza mguu huko Philippi mnamo Juni 1861, vita vikiwa vichanga. Alijitengenezea mguu wa bandia kwa mbao za pipa, ukamfaa kuliko aliopewa, na akaanzisha kiwanda ambacho kampuni yake imeendelea hadi karne yetu. Januari 1864 kiliundwa chama mjini Richmond cha kuwapatia askari miguu ya bandia, lakini vifaa vilikuwa haba. Baada ya vita, North Carolina ilitangulia kuanzisha mpango wa viungo vya bandia mwaka 1866, na Mississippi mwaka huo ilitumia takriban moja ya tano ya mapato yake kwa kazi hiyo. Askari wa Kusini hawakupata pensheni ya serikali kuu ya Marekani, na waliolipwa chochote walilipwa na majimbo yao, wengi wakiwa wameshazeeka.

Kwa nini takwimu za Kusini ni za kukadiria?

Usiku wa Aprili 2 kuamkia 3, 1865, serikali ya Shirikisho ilipokimbia Richmond, moto uliowashwa katika maghala ulisambaa na kuteketeza sehemu kubwa ya katikati ya mji, zikiwemo kumbukumbu za ofisi ya mganga mkuu. Kaskazini ilichapisha historia kubwa ya tiba ya vita kati ya 1870 na 1888. Kusini haikuwa na kitu cha kulinganisha nacho, isipokuwa jarida la madaktari wake lililotoka Richmond kuanzia Januari 1864 hadi mapema 1865.

Nitafute wapi habari za mgonjwa au mfanyakazi wa hospitali hizi?

Madaftari ya Chimborazo yalinusurika, na yamo katika Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka huko Washington, pamoja na nyaraka nyingine za Shirikisho zilizotekwa. Anayemtafuta askari aanze na jina, jimbo na rejimenti, kisha afuate tarehe za kupokelewa, ugonjwa uliotajwa, na alikoenda: kurudi kikosini, likizo, hospitali nyingine au kaburini. Wengi waliofia Chimborazo wamezikwa katika makaburi ya Oakwood, Richmond. Anayemtafuta mtumwa aliyefanya kazi humo aanze na jina la bwana wake, kwa kuwa orodha za kukodisha zilipangwa kwa ajili ya malipo, kisha alinganishe na kumbukumbu za watu walioachiwa huru baada ya 1865. Kilimani Chimborazo penyewe mabanda hayapo tena. Baada ya jeshi la Kaskazini kuingia, mahali hapo palitumika kuwahifadhi watu waliotoka utumwani na kuwafungulia shule, na leo pana jumba dogo la makumbusho ya tiba ya vita linalosimamiwa na idara ya hifadhi za taifa.